Mwezi wa Breki ya Mbele

Asiyejua kabisa kuendesha pikipiki ni mwanafunzi mtamu. Ukimwambia hii ni klachi, anakubali kuwa ni klachi. Ukimwambia shuka, anashuka. Tabu iko kwa anayejua. Huyu amekwisha kubeba magunia ya mkaa, vitanda vya futi sita kwa sita, mbuzi wa Idi na, siku hela ilipokuwa ngumu, abiria watatu wa mshikaki pamoja na kuku wao. Amepita njia za Handeni wakati wa masika akatoka mzima. Helmeti anayo, ila miaka yote imekuwa ikilinda kiwiko chake cha kushoto. Na amekuja kwenye mafunzo ya juu ya uendeshaji kwa sababu kaambiwa kuna chai, posho na cheti chenye picha.

Huyu ndiye niliyekabidhiwa mwezi mzima hapa Tanga, yeye na wenzake wa sampuli hiyo. Walikuwapo madereva wa bodaboda waliozeekea kijiweni. Alikuwapo bwana afya wa kata za mbali, na nesi wa zahanati anayezungukia vijiji kwa pikipiki. Alikuwapo pia ustaadhi wa madrasa, aliyekuja na kanzu siku ya kwanza, akaja na kanzu siku zote, na hakumwambia mtu kwa nini amekuja. Juu yao wote alikuwapo Mwenyekiti. Mwenyekiti wa kijiwe chao, maana yake. Mzee wa makamo anayevaa koti zito la baridi mgongo-kwa-mbele katika joto la Tanga, na anayeongea polepole, kwa uhakika wa mtu asiyewahi kubishiwa. Wafadhili sitawataja, kwa sababu bado tunadaiana makaratasi.

Mafunzo ya juu huanza kwa mwendo wa chini. Jambo hili liliwaudhi tangu asubuhi ya kwanza. Walitegemea mbio, mimi nikawapanga wapite katikati ya koni kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila mguu kugusa chini, klachi ikiachiwa nusu na breki ya nyuma ikiguswa kidogo. Kwenda kasi kila mtu anaweza, injini ndiyo inayofanya kazi. Kwenda taratibu ndiko kunakomvua mtu nguo. Madereva waliowahi kupita Handeni kwenye tope la magoti walikuwa wakianguka kwenye kiwanja kikavu, mbele ya watoto wa shule, kwa mwendo ambao kobe angewapigia honi.

Koni zenyewe zilikuwa mpya, za plastiki nyekundu. Zililala kiwanjani usiku mmoja. Moja niliiona Jumapili kwenye mechi ya mchangani, mtangazaji kaikata ncha na kuifanya kipaza sauti. Nyingine Mungu anajua. Tukahamia kwenye vifuu vya nazi, ambavyo Tanga havihitaji kibali wala bajeti. Tulivipanga vizuri, kifuu na nafasi, kifuu na nafasi, njia imejikunja inapendeza. Kila asubuhi njia ilikutwa fupi zaidi. Hatimaye ikabaki ya kwenda moja kwa moja, na wanafunzi wangu wote wakaifaulu. Ndipo nikagundua kwamba mama anayekaanga maandazi pembeni ya kiwanja alikuwa haendi tena kununua mkaa.

"Ah, mwanangu," akaniambia bila haya yoyote, "mie nilidhani mwavitupa. Kila siku mwapita juu yake."

Tulikuwa tumekwisha kunywa chai ya asubuhi siku kadhaa, maandazi yamekaangwa kwa vifaa vyetu vya kufundishia. Nesi alisema ndiyo maana somo linaingia.

Kiwanja chetu ni kipana, na ndani yake kuna mwembe mmoja. Mmoja tu. Anayefundisha pikipiki anajua mwembe wa namna hiyo utagongwa, kwa kuwa macho yakiganda kwenye kitu mikono hukifuata, na pikipiki huifuata mikono. Bwana Afya aliuendea mara ya kwanza kutoka upande wa goli. Mara ya pili aliuendea kutoka upande wa barabara, akitokea mbali, nafasi ya kupita kushoto na kulia ingetosha basi la mkoani.

"Mwalimu, nilikuwa najitahidi kuukwepa."

"Ndiyo maana umeufikia."

Kumkataza mtu asiuangalie mwembe hakusaidii, maana hawezi kuacha kuuangalia kabla hajahakikisha uko wapi. Nesi ndiye aliyepata dawa: kila anayeingia kwenye kona apewe kitu kingine cha kutazama. Wakakubaliana wamtazame mama maandazi. Mwembe ukapona siku hiyo hiyo, na hatari yote ikahamia kwenye karai la mafuta ya moto. Mama alihamisha jiko hadi nyuma ya choo cha shule, akituapiza kwa mafumbo ambayo ni watu wa Tanga tu wanaoweza kuyafumba na kuyafumbua.

Somo lililonitoa jasho zaidi ni la kugeuza. Pikipiki iliyoshika mwendo haiendi kushoto kwa kuvuta usukani kushoto. Unasukuma mkono wa kushoto mbele, tairi linaelekea kulia kwa kitambo kidogo mno, chombo kinalalia kushoto, nawe unakwenda kushoto. Wote wanafanya hivyo tangu siku yao ya kwanza barabarani, na hakuna anayejua kama anafanya. Wilbur Wright, yule aliyetengeneza ndege na mdogo wake na ambao kabla ya ndege walikuwa mafundi wa baiskeli, aliwahi kuwauliza waendesha baiskeli wengi wanageukaje, akagundua kwamba mwili unafanya jambo ambalo mwenye mwili hana habari nalo. Wright aliuliza tu, akaenda zake kurusha ndege. Mimi nilitakiwa kulieleza, na watu walioeleweshwa jambo walilokuwa wakilifanya vizuri huliharibu papo hapo. Siku hiyo kikosi kizima kilisahau kugeuka. Mmoja alikwenda na mstari wake ulionyooka mpaka kwenye michongoma, akazima injini, akakaa humo akifikiri. Ustaadhi peke yake ndiye aliyeendelea kugeuka kwa raha. Nilipomuuliza, alisema hakuwa akisikiliza.

Haya yote, hata hivyo, yalikuwa utangulizi wa breki ya mbele.

Kwenye vijiwe vingi kuna imani kwamba breki ya mbele inaua. Yupo anayeilegeza waya mpaka ifanye kazi ya urembo, na wapo wanaoing'oa kabisa. Mwenyekiti aliing'oa yake siku aliyoitoa pikipiki dukani. Pale ilipokuwa breki amefunga kitambaa cha kufutia vumbi.

"Mwalimu, weye wataka kuniua? Breki ya mbele yaua."

Imani hiyo haikuzuka hewani. Mtu aliyeibana breki ya mbele kwa pupa kwenye mchanga, au katikati ya kona, au kwenye lami iliyoanza kulowa, tairi la mbele liligoma kuzunguka, likateleza, naye akaanguka. Alipotoka hospitali alirudi kijiweni na kusimulia. Wenzake hawakusimuliwa habari za mchanga wala pupa, walisimuliwa breki. Lakini chombo kinapopunguza mwendo uzito mwingi hukimbilia mbele. Tairi la nyuma hubaki jepesi na kuanza kuserereka, na la mbele ndilo lenye mshiko. Anayetegemea mguu tu ameiacha breki yake kubwa nyumbani.

Nikawachorea chini kwa chokaa. Kwenye kilomita 60 kwa saa pikipiki hula karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde moja mtu huitumia kushtuka tu, vidole havijafika popote. Halafu mwendo ukiuzidisha mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unazidi mara nne. Mwenyekiti hakuamini. Akapima kwa hatua kutoka chokaa yangu, hatua ndefu za mtu anayegombea mpaka wa shamba, na mita ya 17 ikaangukia pale mwembeni, kwenye kovu la Bwana Afya. Akaupigapiga mti, akarudi kimya. Kesho yake alikuja na breki ya mbele mpya, imefungwa, inang'aa, na bado ina nailoni ya dukani.

Kuifunga ni jambo moja, kuigusa ni jingine. Niliwaambia waibane taratibu, nguvu ikiongezeka kadiri chombo kinavyoinama mbele, kama mtu anayekamua chungwa asitake mbegu zitoke. Mfano huu nimeutumia miaka na haujawahi kuniletea shida. Kumbe sijawahi kuutumia mbele ya watu wa Muheza. Walikuwapo wawili, na mmoja akataka kujua chungwa lenyewe ni la msimu gani, maana la mwanzo wa msimu lina ganda gumu na linataka nguvu, na ukilikamua taratibu hupati kitu. Mwingine akasema mtu mwenye adabu hakamui chungwa, analikata kishungi na kulifyonza. Mjadala ukachukua muda wote uliobaki mpaka adhuhuri. Baada ya hapo nilipokuwa nikipunga bendera ya kusimama ghafla, kiwanja kizima kilipiga kelele: "Kamua!" Wakakamua. Hata nesi, aliyekuwa na mikono myepesi kuliko wote, alikuwa akisimama katika nusu ya umbali wake wa mwanzo. Mwenyekiti alikuwa akipiga kelele kwa sauti ya juu kupita wote, kisha anasimama kwa mguu, akiburuza nyuma mstari mweusi wa kuserereka.

Kuhusu helmeti nitasema machache, kwa kuwa machache ndiyo waliyoyakubali. Niliwapa takwimu zilizowahi kutajwa na Shirika la Afya Duniani: helmeti hupunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Takwimu hazikumshtua mtu. Nikawapa kisa cha T. E. Lawrence, Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, akapona vita, kisha mwaka 1935 akafa kwa pikipiki kwao Uingereza akiwakwepa watoto wawili wa baiskeli. Daktari mmojawapo aliyemhudumia, Hugh Cairns, hakuacha kuliwaza jambo lile, na utafiti wake ndio uliolifanya jeshi la Uingereza kuwalazimisha waendesha pikipiki wake kuvaa helmeti. Hapo kukawa na ukimya wa heshima.

"Kwani huyo Loransi," Mwenyekiti akauliza, "hakuwa na elementi?"

"Hakuwa nayo kichwani."

"Pengine aliyokuwa nayo ilikuwa ya abiria."

Kila mtu akaelewa. Helmeti ya abiria kijiweni ina harufu yenye historia. Imepita kwenye mafuta ya nazi, uturi, jasho la soko la samaki, na mchana hukaliwa. Dada aliyetoka saluni akiiona hutamka bei ya kuteremka badala ya kupanda. Nesi akajitolea kufundisha kuifua sponji na kuianika, na nusu ya darasa wakagundua kumbe inatoka.

Mwisho wa mwezi ukaja, na safari ya kupanda Lushoto. Tulipanga msafara kitaalamu: mmoja upande wa kulia wa njia yetu, anayefuata kushoto, kila mmoja akiacha sekunde mbili kwa aliye mbele, taa zimewashwa, viakisi mwanga kifuani, hakuna kupitana. Mbele nilimweka Ustaadhi, kwa kuwa ndiye mwenye mwendo usiobadilika. Nyuma yetu ilikuja kirikuu ya kukodi iliyobeba magodoro, vipuri na sanduku la huduma ya kwanza, imefunikwa turubai la kijani na kufungwa kamba vizuri.

Sasa tazama kitu hicho ukiwa umekaa barazani Muheza. Inakuja pikipiki, juu yake mtu wa kanzu nyeupe, mwendo wa taratibu. Nyuma yake pikipiki nyingi za bodaboda, hakuna anayepiga honi, hakuna anayepiga resi, hakuna anayempita mwenzake, jambo ambalo bodaboda hawalifanyi ila kwa sababu moja. Mwisho wake gari lililofunikwa kijani.

Watu walisimama. Wanaume walivua kofia. Kabla ya Segera magari mawili yalitupisha na kuwasha taa, na wanawake waliokuwa wakitoka kwenye mashamba ya mkonge walishusha mizigo yao wakasubiri tupite. Kwenye kizuizi askari wa barabarani alitunyooshea mkono, akatuangalia wote, akamwendea Ustaadhi kwa sauti ya chini.

"Poleni sana. Mnakwenda kumzika wapi?"

Ustaadhi ni mtu wa dua. Ukimpa pole ya msiba, jibu linamtoka lenyewe kabla akili haijauliza msiba gani. Akaitikia kwa Kiarabu safi, akainamisha kichwa, askari akarudi nyuma hatua moja na kuturuhusu, hakukagua leseni ya mtu. Mimi nilikuwa nyuma, nikadhani tumesifiwa kwa mpangilio.

Korogwe ndiko mambo yalikoharibika rasmi. Tulisimama kuongeza mafuta, mzee mmoja akavuka barabara kwa mkongojo, akamshika Ustaadhi mkono kwa mikono miwili, na alipouachia mkononi mwa Ustaadhi kulikuwa na noti ya shilingi elfu tano. Ustaadhi akaanza kueleza: mzee wangu, haya ni mafunzo. Mzee akatikisa kichwa.

"Najua, mwanangu. Msiba ni mafunzo."

Tukamtazama akiondoka na mkongojo wake. Nesi akasema kuirudisha itakuwa kumvunja moyo, Bwana Afya akasema kuichukua itakuwa utapeli. Mimi, kwa kuwa ndiye mwenye daftari, nikaiandika kwenye mapato.

Kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine korongo, na unapofika uko karibu mita 1,400 juu ya bahari uliyoiacha asubuhi. Walipanda vizuri mno, mpaka nikakosa la kusema, hali ambayo mwalimu haipendi. Waliingia kwenye kona polepole, wakatoka na mafuta, macho mbele. Maporomoko ya Soni tu ndiyo yaliyowavuruga, maana kila mmoja aliyatazama na kila pikipiki ikaanza kuyaelekea, nikakumbuka mwembe. Lushoto walikuta baridi ya kweli, na koti la Mwenyekiti, lililochekwa mwezi mzima, usiku ule lilipanda hadhi. Aliliazimisha kwa zamu, na zamu aliipanga yeye.

Kushuka ndiko kunakotaka ufundi. Pale injini ndiyo breki ya kwanza: unakaa gia ya chini na kuiacha ikuzuie. Madereva wa bodaboda wanaliona hilo ni kuchoma petroli bure. Huweka fri, huzima injini na kuiachia pikipiki iteremke yenyewe, mguu kwenye breki, mpaka breki shuu zinapata moto na kuacha kushika. Nililisema jambo hili Lushoto kabla ya kuondoka, nikalirudia, nikawaapisha. Chini kidogo ya Soni kijana mmoja alinipita bila mlio wowote, akanipungia mkono. Nilimkuta mbele amekaa juu ya jiwe, gurudumu la nyuma linatoa moshi, anapulizia kwa helmeti. Angalau helmeti ilikuwa imepata kazi.

Kisha likaja lori la mboga. Lilitupita likiwa limejaza kabichi mpaka juu ya bodi, likaingia kwenye kona iliyo mbele, likakanyaga shimo, na kabichi moja kubwa ikaruka, ikadunda mara mbili kwenye lami na kutulia katikati ya njia ya Mwenyekiti.

Niliyaona yote kutoka nyuma. Niliona kichwa chake kikiinuka. Niliona vidole vya mkono wa kulia, ambavyo kwa mwezi mzima havikuwahi kuiacha grip ya mafuta, vikinyooka na kushika. Pikipiki ikainama mbele kwa adabu, tairi halikulia, na ikasimama hatua mbili kabla ya kabichi. Kutoka ndani ya helmeti ikasikika sauti moja tu, "Kamua!", imechelewa kidogo.

Hakusema lolote. Alishuka, akaiokota kabichi, akaikagua, akaifunga kwenye siti ya nyuma kwa mpira, na kwa kuwa sheria ni sheria akaivisha helmeti ya abiria. Ilikwenda hivyo mpaka Mombo bila kulalamikia harufu. Hapo mama ntilie mmoja aliikatakata na kutukaangia kwa karoti, tukala na wali na maharage, na bili ikalipwa kwa ile elfu tano ya Korogwe na nyongeza ya mfukoni.

Mwezi umekwisha, vyeti vimetoka, Mwenyekiti ametundika chake kijiweni na anawafundisha wenzake breki ya mbele kwa maneno yangu, akiyadai ni yake. Kilichobaki ni hesabu. Mhasibu wa wafadhili ameirudisha ripoti yangu kwa mara nyingine. Mafuta ameyakubali, maandazi ameyakubali baada ya mabishano, vifuu vya nazi ameviandika "vifaa vilivyotumika vikaisha". Mstari uliomshinda ni ule wa mapato: rambirambi, shilingi 5,000. Anasema kwa utaratibu wao haiwezi kupita bila kuambatanishwa jina la marehemu.

Mwenyekiti ameshauri tuandike kabichi.